Kivuli cha Adhuhuri, Mombasa hadi Lindi

Mombasa, 22 Septemba

Mpini wa ufagio umesimikwa ndani ya debe la mchanga katikati ya uwanja wa shule, na wanafunzi wa gredi ya nane wameuzunguka wamepiga magoti, vichwa vimeinama kama watu wanaotafuta sindano iliyodondoka. Mpini una urefu wa mita moja kamili. Jana waliupima mara tatu, kisha wakaupunguza kwa msumeno wa fundi wa jirani. Kando yake inaning'inia timazi, kipande cha chuma kwenye uzi, kuhakikisha mpini haulali upande. Chini wametandika karatasi ya manila, na kila baada ya dakika mbili msichana mmoja anaweka nukta ya penseli pale kivuli kinapokomea.

Kuweka nukta hiyo ni kazi ngumu, kwa sababu kivuli hakina ncha. Shinani ni cheusi, kinaendelea kufifia, na mwishoni kabisa kinageuka utando wa kijivu wenye upana wa karibu sentimita moja. Nukta iwekwe wapi? Mwalimu alikunja mikono akanyamaza. Wakabishana wao kwa wao hadi mmoja akasema jua si tundu la sindano, ni sahani, na mwanga wa ukingo wake mmoja hautui mahali pamoja na mwanga wa ukingo wa pili. Wakakubaliana nukta ikae katikati ya utando, na ujumbe ukatumwa hapo hapo kwa shule za Tanga, Dar es Salaam, Kilwa na Lindi: wekeni katikati, msiweke mwisho wa weusi.

Ushirikiano wa namna hii ndio ulionileta huku. Shule tano, moja katika kaunti ya Kenya na nne katika wilaya mbalimbali za Tanzania, zinapima kivuli cha fimbo ya mita moja siku moja, adhuhuri moja, ili zipate kipimo cha mzingo wa dunia. Nimeona ushirikiano mwingi wa shule katika safari zangu. Mara nyingi shule yenye maabara huzialika zisizo nayo. Wageni hukaa viti vya nyuma, hutazama bomba la kioo likitoa moshi, hunywa soda, hurudi kwao. Hapa jambo ni tofauti na ndiyo maana nimefunga mkoba. Mombasa ikiwa na vifaa vyote vya ulimwengu, bila Lindi haina jibu. Kivuli kimoja hakisemi kitu chochote kuhusu dunia. Ni tofauti ya vivuli viwili inayosema.

Wazo lenyewe limezaliwa Afrika. Eratosthenes, mzaliwa wa Kurene katika Libya ya leo, alikuwa mkuu wa maktaba ya Aleksandria karne ya tatu kabla ya Kristo. Ilijulikana kwamba kule Aswan, siku ya jua kufika kilele cha kiangazi, mwanga wa adhuhuri ulishuka mpaka chini ya kisima na vitu havikuwa na kivuli. Aleksandria, siku hiyo hiyo, kivuli kilikuwapo, na pembe yake ilikuwa sehemu moja ya hamsini ya duara. Umbali wa miji hiyo ulihesabiwa kuwa stadia 5,000. Akazidisha kwa hamsini, akapata 250,000. Siku hizi shule za nchi nyingi hurudia jaribio hilo wakati wa Machi na Septemba, mchana na usiku vinapolingana. Bahati yetu ni kwamba pwani ya Waswahili imejipanga karibu wima, kaskazini kwenda kusini. Mombasa na Lindi zinakaribia kuwa kwenye mstari mmoja wa longitudo, hivyo adhuhuri inazifikia pamoja.

Uwanjani yumo pia maalim wa madrasa iliyo jirani, aliyekuja kutazama na akaishia kufundisha. Watoto waliuliza watajuaje adhuhuri halisi imefika. Simu ya mwalimu ilisema saa sita na robo kasoro dakika, lakini maalim akawaambia simu inafuata saa ya Afrika Mashariki nzima, na jua linafuata mahali ulipo. Kwake hiki si kitu kigeni. Wakati wa swala ya adhuhuri huingia jua linapopinduka, yaani zawali, pale kivuli kilichokuwa kikifupika kinapoanza kurefuka; na alasiri, kwa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wa pwani wanayafuata, huingia kivuli kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe kikijumlishwa na kile kivuli cha adhuhuri. Karne nyingi kabla ya saa za ukutani, watu wa hapa walikuwa wakisimamisha kijiti na kungoja. Nikaona nyuso za watoto zikibadilika. Walidhani wanafanya kitu cha vitabuni, kumbe babu zao walikifanya kila siku.

Saa sita na dakika 14 kivuli kikawa kifupi kuliko vyote. Sentimita 7.3, kikielekea kusini. Walipoondoa debe, nukta zao zilikuwa zimejipanga kwenye mstari ulionyooka, kutoka magharibi kwenda mashariki, kana kwamba zimepigiwa rula. Msichana wa penseli akachukua rula kweli akaiweka. Hakukuwa na nukta iliyotoka nje kwa zaidi ya upana wa punje ya mchele. Mwalimu ndipo akafungua mdomo: siku nyingine za mwaka mstari huo hupinda. Leo umenyooka kwa sababu jua liko karibu kabisa juu ya ikweta.

Dakika ishirini baadaye zikaanza kuingia namba za wengine, na hapo hapo pakazuka mtafaruku. Lindi walikuwa wameandika: kivuli sentimita 17.9, saa 6:14. Mvulana aliyekuwa akijaza jedwali la Mombasa akaiweka safu hiyo asubuhi, jua likichomoza, akashangaa kivuli cha asubuhi kinakuwaje kifupi hivyo. Watoto wa Mombasa husema saa sita midomoni mwao, lakini kwenye karatasi huandika 12:14 kama walivyofundishwa. Watoto wa Lindi huandika kama wanavyosema. Lugha moja, saa moja, na maandishi yanatofautiana kwa saa sita nzima. Walicheka sana, kisha wakatunga kanuni: kila namba ya saa iandikwe pamoja na neno mchana au asubuhi.

Tanga haikuleta namba. Wingu lilikaa juu ya mji tangu saa tano na nusu hadi saa saba.

Tanga, mwisho wa Septemba hadi 6 Oktoba

Kutoka Mombasa hadi mpakani Lunga Lunga, kisha Horohoro, kisha Tanga mjini, barabara ni nzuri na safari haichoshi. Nilikaa dirishani na daftari nikifikiria watoto waliofunikwa na wingu. Nilitarajia kuwakuta wamenuna.

Shule ni ya msingi, na walioshika kazi ni darasa la sita, maana la saba wamekwisha kufanya mtihani wao wa taifa mapema Septemba na kuondoka. Hawana mpini wa ufagio. Fimbo yao ni kipande cha ule mlingoti unaochipuka katikati ya mkonge ukishazeeka, mwepesi, ulionyooka kuliko mbao nyingi za dukani. Na uzi wa timazi ni wa katani, waliousokota wenyewe. Huu ni mkoa wa mkonge. Mmea uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na miche iliyonusurika safari na kufika shambani karibu na Pangani ilikuwa 62 tu. Kutoka hiyo ukaja utajiri wote na jasho lote la mashamba ya Tanga. Mwalimu aliwasimulia watoto habari hiyo wakiwa wameshika uzi mikononi, na nadhani wataikumbuka kwa vidole.

Kuhusu wingu, hawakununa. Siku ile ya tarehe 22, namba za Mombasa na Lindi zilipoingia kwenye simu ya mwalimu, walifungua atlasi. Mombasa iko digrii 4 na dakika 3 kusini mwa ikweta, Tanga digrii 5 na dakika 4, Lindi digrii 10. Wakachora mstari ubaoni, ncha moja 7.3, ncha nyingine 17.9, wakatafuta Tanga inaangukia wapi kati yao. Wakapata 9.1. Wakakiandika kivuli ambacho hawakukiona.

Kesho yake mbingu zikafunguka. Wakapima: 8.5. Ubishi ukawaka, kuna waliosema hesabu ilikuwa mbaya, kuna waliosema fimbo imelala. Mwalimu akawaambia waulize Mombasa leo wamepata ngapi. Jibu likaja 6.7. Kule kivuli kilikuwa kimepungua milimita 6 kwa siku moja. Na kutoka 9.1 hadi 8.5 ni milimita 6 hizo hizo. Jua lilikuwa limesogea kusini usiku ule, na kivuli cha hesabu kilikuwa sahihi. Mwalimu alinisimulia haya akiwa amesimama mlangoni mwa darasa, na sauti yake ilitetemeka kidogo. Ameshafundisha miaka mingi uwiano na ulinganifu kwa mifano ya machungwa ya Muheza na bei ya daftari. Siku ile watoto walitumia uwiano kuona kitu kilichofichwa na wingu.

Nilishinda nao siku kadhaa, na daftari langu la Tanga limejaa zaidi kuhusu lugha kuliko kuhusu jua. Shule za msingi za serikali huku husoma sayansi na hisabati kwa Kiswahili. Mtoto wa miaka kumi na miwili anasema mzingo, kipenyo, nusu kipenyo, pembe mraba, kama anavyosema ndoo na kisima. Wenzao wa Mombasa wamesoma yote hayo kwa Kiingereza. Katika mazungumzo yao ya simu, yanayofanyika kwa Kiswahili, Mombasa walikuwa wakifika kwenye neno la hesabu wanakwama, wanazunguka: ule mviringo wa nje, ule urefu wa kuizunguka. Tanga wakawapa mzingo. Baada ya wiki moja neno lilikuwa limehamia Mombasa kabisa na likawa linarudi Tanga kwa lafudhi ya Kimvita. Katika kaunti na wilaya zote hizi, msaada wa kwanza kuvuka mpaka ulikuwa neno, na lilitoka kwa shule isiyo na maabara.

Niseme kosa langu hapa. Nilikuwa nimenunua fimbo yangu mwenyewe, na nia yangu ilikuwa kupima kila mji nitakaopita, nifanye mwenyewe kile shule tano zinachokifanya. Tarehe 6 Oktoba mchana nilisimama nao uwanjani Tanga. Mita moja ya mlingoti wa mkonge haikuwa na kivuli. Jua lilikuwa utosini kabisa. Kivuli kilijikusanya kikalala chini ya shina kama paka. Nikatazama daftari langu: Mombasa sentimita 7.3, Tanga sifuri. Kwa namba hizo mbili Tanga inaonekana iko karibu na ikweta kuliko Mombasa. Daftari la msafiri mmoja lilikuwa limepotosha dunia nzima, kwa sababu nilipokuwa nikitembea jua nalo lilikuwa likitembea. Jambo hili linataka watu wengi waliokaa mahali pao na kuinua macho wakati mmoja.

Ila kuna kitu nilikipata kwa kutembea. Jua la utosi hushuka pwani hii kwa mwendo unaoweza kufuatwa kwa basi. Hupita juu ya Mombasa tarehe 3 Oktoba, Tanga tarehe 6, Dar es Salaam tarehe 10 au 11, Kilwa tarehe 16, Lindi tarehe 19. Siku kumi na sita. Nikaamua kulifuata.

Dar es Salaam

Nilipita tu. Kivuli chao cha tarehe 22 kilikuwa sentimita 12.2, na wao ndio wenye kompyuta, kwa hiyo walipewa kazi ya kuchora grafu. Grafu yao ni safi. Lakini fimbo ilisimamishwa na mlinzi na watoto wengi walikiona kivuli kwenye picha. Sikupenda, na nilimwambia mwalimu wao, naye alikubali kwamba mwaka ujao watoto watatoka nje na kompyuta ingoje ndani.

Kilwa Masoko, 13 hadi 16 Oktoba

Ukivuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa unaanza kuelewa kwa nini watu wa kusini huzungumzia barabara kama wengine wanavyozungumzia mvua. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003, hapa palikuwa na kivuko, na msimu wa mvua watu walilala njiani kwa siku kadhaa. Mwalimu wa Kilwa alisoma enzi hizo. Aliniambia kwamba alipokuwa mwanafunzi, vifaa vya sayansi vilikuwa vikifika shuleni kwao mwisho wa yote, vikifika. Katika jaribio hili kusini ni ncha ya mstari, na bila ncha mstari hauna urefu.

Hapa ni sekondari, kidato cha pili, na kazi waliyojitwika ni umbali. Pembe wanazo tayari. Tanga walichora pembetatu kwa skeli, wakapima kwa kipimapembe cha plastiki kutoka kwenye mkebe wa hesabu: Mombasa digrii 4 na kidogo, Lindi digrii 10 na kidogo, tofauti digrii 6. Duara lina digrii 360, kwa hiyo kipande cha Mombasa hadi Lindi ni sehemu moja ya sitini ya dunia. Kilichobaki ni kujua kipande hicho kina kilomita ngapi.

Wa kwanza kujibu walikuwa watoto wa Lindi, ambao baadhi yao wana ndugu madereva. Walijumlisha barabara: Mombasa hadi mpakani, mpakani hadi Tanga, Tanga hadi Dar es Salaam kupitia Segera na Chalinze, Dar es Salaam hadi Lindi. Ikawa karibu kilomita 1,000. Mara sitini, 60,000. Kidato cha pili wakafungua kitabu wakaona dunia ina kilomita 40,000 hivi, wakaanza kutafuta walipokosea. Aliyetoa jibu ni mvulana anayetoka Kivinje: basi linapinda na ndege hapindi. Kutoka Tanga barabara inakwenda kwanza bara, mbali na bahari, kabla haijarudi.

Wakaenda kwa mzee mmoja aliyekuwa nahodha. Niliandamana nao. Waliamkia, shikamoo babu, akaitikia marahaba, akaletewa miwani. Akatandaza ramani yake ya bahari, ya zamani, iliyokunjika hadi mikunjo imekuwa myeupe. Akawaonyesha ukingo wa kushoto, penye vipimo vya latitudo. Kila dakika moja hapa, akasema, ni maili moja ya bahari. Kutoka digrii 4 na dakika 3 hadi digrii 10 ni digrii 5 na dakika 57. Dakika 357. Maili 357. Maili moja ya bahari ni kilomita 1.852, na kalamu zikaanza kukimbia: kilomita 661. Mara sitini, 39,660. Kelele zilizopigwa ukumbini kwa mzee yule zilimtoa mkewe jikoni. Mzingo halisi kupitia ncha za dunia ni kilomita 40,008. Walikuwa wamekosa chini ya sehemu moja ya mia.

Msichana mmoja hakupiga kelele. Alikuwa bado ameinamia ukingo wa ramani. Akamuuliza mzee, kwa heshima, ni nani aliyesema dakika moja iwe maili moja. Mzee akamjibu kwamba maili hiyo ilipatikana kwa kugawa dunia yenyewe, digrii 360, kila digrii dakika 60. Basi babu, akasema yule msichana, tumeiuliza dunia ukubwa wake, halafu tumejipongeza kwa kulitaja jibu lake.

Ukumbi ukanyamaza. Nimehudhuria mikutano mingi ya watu wazima wenye shahada na sijaona hoja ikitua kwa uzito kama ule. Alikuwa sahihi. Atlasi nayo ina tatizo hilo hilo, imechorwa na watu waliokwisha kujua dunia ina ukubwa gani. Namba yao nzuri ilikuwa ya kuazima.

Usiku ule simu za walimu hazikulala. Mombasa walitaka ibaki 39,660. Tanga walisema waulize kitu gani wamekijua kwa miguu yao wenyewe, bila kuazima. Na jibu likawa ile barabara iliyodharauliwa. Kilomita zake zimehesabiwa kwa magurudumu, na gurudumu haliulizi dunia ni kubwa kiasi gani. Barabara haiwezi kuwa fupi kuliko mstari ulionyooka. Kwa hiyo, kwa kivuli chao wenyewe na gurudumu la basi peke yake, wanaweza kusema hivi bila kuazima: dunia haizidi kilomita 60,000. Yule msichana wa Kilwa ndiye aliyeandika sentensi hiyo, na shule zote tano zikaiweka ukutani juu ya ile namba ya 39,660.

Naandika haya kwa urefu kwa sababu ndiyo mafunzo kwa vitendo ninayoyaamini. Kenya imeingia kwenye mtaala wa umilisi tangu 2017, Tanzania imeanza mitaala mipya na elimu ya amali kufuatia sera iliyotolewa upya 2023, na kote wanazungumzia kuunganisha sayansi, teknolojia, uhandisi, sanaa na hisabati. Mara nyingi nikiingia darasani nakuta kuunganisha huko ni gundi, maboksi na roketi ya chupa. Mikono inafanya kazi, hoja haifanyi. Kilwa mikono ilishika ramani, na hoja ikaikataa ramani.

Tarehe 16, kabla ya kuondoka, tulivuka kwa boti hadi Kilwa Kisiwani. Walikaa kuzunguka birika la pembe nane la Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14, wakapima pembe zake kwa mkono. Mwalimu akawaonyesha kibao cha plaiwudi chenye uzi wa mafundo, mfano wa kamal, chombo cha mabaharia wa Bahari ya Hindi: unauma fundo kwa meno, unanyoosha uzi, unakilinganisha kibao na upeo wa bahari na nyota, unajua uko kusini au kaskazini kiasi gani. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 aliyeandika habari za pwani hii, alihesabu kwa vidole, kila kidole kipimo cha mbingu. Watoto waliuma mafundo wakapima urefu wa minazi. Adhuhuri ikatupitia utosini tukiwa kati ya magofu, na minazi yote ikasimama juu ya vivuli vyake.

Lindi, 19 Oktoba

Jumapili. Nilidhani shule itakuwa tupu, lakini walikuja, wengine wametoka kanisani, wengine mashambani, maana korosho zimeanza kuanguka na kila mkono unahitajika. Harufu ya mabibo ilikuwa kwenye mashati yao.

Darasani walikuwa wametundika mkeka. Nilikuwa nimeona picha yake kwenye simu lakini picha haisemi. Ukindu umetiwa rangi na kusukwa kili tano zilizoshonwa pamoja, na kwenye kila ukili rangi ya zambarau imeshuka kwa urefu wa kivuli cha shule moja, sentimita kwa sentimita: Mombasa 7.3, Tanga 9.1, Dar es Salaam 12.2, Kilwa 16.0, Lindi 17.9. Umesukwa na msichana wa darasa la sita na bibi yake. Ukipitisha kiganja chini ya zambarau hizo unahisi mteremko, kutoka kaskazini kwenda kusini. Ukili wa Tanga peke yake ni wa kijani. Nilimuuliza kwa nini. Akasema cha Tanga hakikuonekana kwa macho, kilipatikana kwa hesabu, na bibi alimwambia usitie rangi moja kitu ulichokiona na kitu ulichokijua. Kama kuna mtu bado anauliza sanaa inatafuta nini kwenye sayansi, aje Lindi auone mkeka huo.

Tukatoka nje. Fimbo yao ni ya mwanzi, iliyojazwa udongo chini isiyumbe. Kivuli kikapungua, kikawa kidole, kikawa kucha, kikazama shinani. Mvulana mwenye saa ya mkononi akapaza sauti: saa sita na dakika sita mchana. Wakashangilia. Yeye hakushangilia, alikuwa akifunua kurasa za daftari nyuma, hadi 22 Septemba.

Siku ile adhuhuri ilifika saa sita na dakika 14. Leo imefika dakika nane mapema. Fimbo ni ile ile, uwanja ni ule ule, saa aliilinganisha na redio asubuhi. Nani ameivuta adhuhuri?

Mwalimu akamtazama, akanitazama, akatoa simu akaandikia Mombasa. Jibu halikutoka kwa mwalimu mwenziwe. Maalim wa madrasa alikuwa amepiga picha ratiba ya nyakati za swala iliyobandikwa ukutani msikitini, miezi yote kumi na miwili. Watoto wakaikuza picha kwa vidole, wakashuka kwenye safu ya adhuhuri: Septemba, Oktoba, namba zinapungua dakika baada ya dakika, kama walivyopima wao. Yule mvulana akaendelea kushuka. Kidole chake kikasimama wiki ya kwanza ya Novemba, pale ambapo namba zinaacha kupungua, zinatulia siku chache, kisha zinaanza kurudi juu. Akauliza kama mwanzi unaweza kuachwa uwanjani hadi siku hiyo.